Volti Sita Kutoka Wapi?

Kuna mzee mmoja mkoani Singida ambaye kwa siku tisa aliitwa mwizi wa mafuta, na shahidi pekee dhidi yake alikuwa waya wa shaba wa mita 60. Jina lake silitaji, na kiwanda sikitaji, kwa sababu yeye bado anafanya kazi pale na mjomba wangu bado anaitwa pale kila mtambo unapogoma. Kisa chenyewe nakileta kwenu kwa sababu wengi wetu tunaosoma Ualimu wa Fizikia na Hisabati tunaichukulia mada ya umeme ya kidato cha pili kama mada ya kupumzikia. Unaandika V = IR ubaoni, unatoa maswali matano ya kukokotoa, kengele inalia, unarudi ofisini kunywa chai.

Nilikuwa TP. Wiki nane, shule ya kata, na hela ya TP ikaingia wiki ya tano, mnaijua tabia yake. Nilifikia kwa mjomba, ambaye ni fundi umeme wa viwandani. Si wale wa kufunga soketi majumbani, ingawa mwezi ukiwa mbaya na soketi anafunga. Jioni nikitoka shule namfuata kazini. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kupiga naye stori, na kiukweli nilikuwa nimechoka kusikia jamaa wa Uhandisi wakisema sisi wa Ualimu hatujawahi kushika bisibisi.

Kiwanda kinakamua alizeti. Mafuta yakishachujwa yanaingia kwenye tenki la chuma la lita 10,000 lililosimama nje, nyuma ya jengo. Zamani kiasi kilipimwa kwa fimbo. Mzee wa zamu ya usiku anapanda ngazi, anafungua mfuniko, anatumbukiza fimbo yenye alama, anaimulika kwa tochi, anashuka na kuandika kwenye kaunta buku. Miaka mingi ilikwenda hivyo. Halafu mwenye kiwanda akaleta PLC.

PLC ni kompyuta ndogo ya kiwandani. Haina kibodi, haichezi muziki, inafungwa ndani ya paneli na kazi yake ni kupokea taarifa kutoka kwenye sensa na kuamuru mota na valvu ziwake au zizime. (Nikisema sensa simaanishi ile ya Agosti 2022 ya kuhesabu watu. Mafundi wote wanakiita kifaa cha kupimia "sensa", na mimi siwezi kubishana na mafundi wa nchi nzima.) Hii ilikuwa Siemens S7-1200, ile yenye milango miwili ya analogi iliyojengewa humo humo. Mlango wa kawaida wa PLC unajua mambo mawili tu, umeme upo au haupo. Mlango wa analogi unapokea volti yoyote kati ya 0 na 10 na kuigeuza kuwa namba. Kwenye mashine hizo volti 10 husomeka 27648, na programu ndiyo inayoigeuza namba hiyo kuwa kitu cha kueleweka na binadamu, kwa mfano lita.

Chini ya tenki ikafungwa sensa ya presha. Mafuta yakiwa mengi yanaikandamiza zaidi, nayo inatoa volti zaidi: tenki tupu volti 0, tenki likijaa volti 10. Kwa hiyo kila volti moja ni lita 1,000. Hesabu tamu kabisa. Ofisini kikawekwa kioo kinachoonyesha lita kwa namba kubwa za kijani, na fimbo ikasimamishwa ukutani kama jembe la msimu uliopita.

Baada ya kama mwezi mmoja ndipo mafuta yakaanza "kuibiwa". Saa 12 jioni, mashine zikiwa zinamalizia, msimamizi wa zamu ya mchana anaandika namba ya kioo. Saa 12 asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, inaandikwa tena. Kila siku ya asubuhi ni pungufu kwa lita 300 hivi. Jioni 6,410, asubuhi 6,110. Lita 300 ni madumu 15 ya lita 20. Na usiku kucha aliyekuwepo ni nani? Mzee.

Sasa tufikirie pamoja kama wasomi. Madumu 15 kila usiku kwa siku tisa ni madumu 135, lita 2,700, zaidi ya robo ya tenki. Mzee ana baiskeli. Geti lina mlinzi. Na ingekuwa kweli lita 2,700 zimeondoka, hesabu ya mauzo ingepiga kelele, kwa sababu mafuta yanayouzwa yanapimwa upya kwenye kujaza madumu. Haikupiga kelele. Dada wa uhasibu aliliona hilo na akalisema, akaambiwa subiri mwisho wa mwezi. Kuna siri moja ndogo hapa ambayo watu wazima kadhaa waliipita kila siku: asubuhi mashine zikiwashwa, kioo kilikuwa kinaruka juu lita 300 ndani ya sekunde chache. Lakini tenki linatarajiwa kupanda asubuhi, ndiyo kazi yake. Kupungua kunatafutiwa mtu. Kuongezeka hakuna anayekuuliza.

Mzee alishaambiwa mshahara wake utakatwa, na kwamba ikifika Ijumaa bila kueleweka suala linapelekwa polisi. Wakati huo mjomba aliitwa kwa jambo jingine kabisa, inveta ya mota ya mashine ya kukamulia. Tulipofika getini mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio mafundi?"

Mjomba akasema ndiyo. Mzee hakuomba atetewe. Alitoa kaunta buku lake mwenyewe, la zamani, la enzi za fimbo. Kumbe hakuacha kupima. Kila jioni akipokea zamu alikuwa anapanda na fimbo yake, na kila asubuhi tena. Fimbo ya jioni na fimbo ya asubuhi zilikuwa sawa siku zote tisa, ukiacha unywele wa hapa na pale. Na zote zilikuwa sawa na kioo cha asubuhi. Kilichokuwa peke yake, juu kwa lita 300, ni kioo cha jioni.

"Niliwaambia kioo kinadanganya jioni," alisema. "Wakasema kompyuta haina sababu ya kudanganya, mimi ninayo."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo tangu siku ile, pengine kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka wa pili.

Mjomba aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee: tangu hiyo kompyuta iwekwe, kuna kitu gani kingine kimeongezwa pale kwenye tenki? Mzee akajibu papo hapo. "Ile koki ya umeme." Ilikuwa valvu ya umeme ya volti 24 kwenye bomba la kuingizia mafuta, inayofunguka mashine zikifanya kazi na kujifunga zikizimwa. Ililetwa na fundi mwingine, siku moja kabla ya usiku wa kwanza wa "wizi".

Tulimwomba meneja ruhusa ya kupima jioni ile ile. Meneja ni mtu mwenye haraka zake lakini alikubali, nadhani kwa sababu inveta yake ilikuwa mikononi mwetu.

Kwanza mjomba aliondoa vitu ambavyo si vyenyewe, na sehemu hii nilitamani wanafunzi wangu waione. Je, ni kelele za umeme kutoka kwenye inveta? Waya wa ishara ukilazwa sambamba na waya wa mota, unaokota uchafu, na ndiyo maana hutumika kebo yenye wavu wa kinga, na wavu huo huungwa ethi. Lakini kelele huifanya namba icheze: 6,380, 6,430, 6,395. Hii haikuwa inacheza. Ilikuwa inahama, inatulia pale ilipohamia. Je, ni baridi? Usiku wa Singida mwezi wa saba una baridi ya kutosha, na dada wa uhasibu ndiye aliyelitoa wazo hilo. Mafuta ya mimea yakipoa nyuzi 10 hupungua chini ya lita moja katika kila 100, kwa hiyo kwenye lita 6,000 hazifiki hata 60. Tena kupoa kunakwenda polepole, hakurukii lita 300 kwa sekunde. Je, tenki linavuja? Mzee angelala kwenye dimbwi.

Basi tukapima. Kwenye paneli, mjomba aliweka ncha nyekundu ya multimita kwenye terminali ya mlango wa analogi na ncha nyeusi kwenye terminali ya M iliyo jirani, ambayo ndiyo sifuri ya PLC. Volti 6.41. Kioo: 6,410. Hapo hakuna ugomvi, PLC ilikuwa inasoma kwa uaminifu kile inacholetewa. Halafu tukaenda nyuma kwenye tenki, mita 60, tukapima pale pale sensa ilipo, kati ya waya wake wa ishara na waya wake wa nega.

Volti 6.11.

Waya ni ule ule. Dakika ni ile ile. Mafuta ni yale yale. Nilimwambia mjomba mita yake imekufa betri. Alicheka, akasema, "Mwalimu, umeangalia waya mmoja tu. Volti hazikai kwenye waya mmoja."

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndiyo roho ya jambo lote. Tumekariri kwa Kiingereza tangu kidato cha pili kwamba volti ni kipimo cha PD. Hiyo D ni ya neno linalomaanisha tofauti. Tofauti ni lazima iwe kati ya viwili. Lakini kwa mazungumzo yetu ya kila siku tunasema "waya huu una volti 6", kama vile tunavyosema ndoo hii ina lita 6. Ndoo inaweza kuwa na lita 6 peke yake, hata ukiipeleka mwezini. Waya hauwezi kuwa na volti 6 peke yake. Ni kama urefu wa mlima. Tunasema Kilimanjaro ina mita 5,895, na hatumalizii sentensi: kutoka usawa wa bahari. Aliyesimama Moshi mjini akipima kutoka kwenye soli ya kiatu chake atapata mlima mfupi zaidi, na hatakuwa mwongo. Ukibadili sifuri, mlima unabadilika urefu bila jiwe hata moja kuongezeka.

Sensa ya tenki ilikuwa inapima kutoka kwenye sifuri ya tenki. PLC ilikuwa inapima kutoka kwenye sifuri ya paneli. Kila mtu kiwandani, akiwemo fundi wa ile valvu, aliamini hizo ni sifuri moja kwa sababu zimeunganishwa na waya mmoja.

Na ni kweli zimeunganishwa na waya mmoja. Tatizo ni kwamba waya nao una ukinzani. Ulikuwa wa shaba, unene wa milimita za mraba 0.75. Kwa mita 60 hiyo ni takriban omu 1.5, kitu ambacho kwenye swali la mtihani huwa tunaandika "puuza". Sensa yenyewe inavuta umeme kiduchu sana, miliampea chache, kwa hiyo sensa ilipokuwa peke yake kwenye waya ule sifuri mbili zilikaribiana kabisa. Ndiyo maana mwezi wa kwanza kila kitu kilikuwa shwari. Kisha akaja fundi wa valvu. Alivuta waya mmoja tu wa chanya kutoka kwenye paneli hadi kwenye tenki, na alipotafuta pa kurudishia umeme akaiona nega ya sensa pale pale karibu, akaiunga hapo. Aliokoa mita 60 za waya. Fundi wetu yeyote mtaani angeshawishika, na valvu ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza.

Valvu ya wati 5 kwa volti 24 inavuta kama ampea 0.2. Zidisha kwa omu 1.5. Ni volti 0.3. Kila valvu inapofunguka, mkondo wake unarudi kwenye paneli kwa kupitia nega ya sensa, na katika kupita huko unaiacha nega ya upande wa tenki ikiwa juu ya nega ya paneli kwa volti 0.3. Sensa inasimama juu ya nega hiyo na kutoa volti zake 6.11 kwa uaminifu. PLC, iliyosimama chini, inaona 6.41. Lita 300 zimezaliwa. Usiku valvu inafungwa, mkondo unakatika, nega inashuka, lita 300 zinakufa.

Mtaniuliza, mbona waya wa ishara nao una mita 60, haupotezi kitu? Mlango wa PLC una ukinzani mkubwa sana, kwenye aina hii ni zaidi ya omu 100,000, kwa hiyo karibu hakuna mkondo unaopita kwenye waya wa ishara. Pasipo na mkondo, ukinzani wa waya hauli chochote. Waya tunaoujali, tunaoupa rangi yake na jina lake kwenye mchoro, ndio usio na shida. Shida iko kwenye waya wa kurudia, ambao kila mtu anauona kama choo cha stendi: si wa mtu, basi ni wa wote.

Mjomba alithibitisha kwa njia ambayo ningependa kuiona kwenye kitabu cha kiada. Alivuta waya mrefu kutoka kwenye M ya paneli hadi nyuma, akapima nega kwa nega: ncha moja kwenye nega ya tenki, nyingine kwenye huo waya mrefu. Kwa mtu wa kitabuni jibu ni sifuri, ni nega na nega. Mita ilisoma 0.30. Akanipigia kelele nimwambie msimamizi azime valvu. 0.01. Iwashwe. 0.30. Izimwe. 0.01. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na tochi yake, hakusema neno, ila kila mita ilipobadilika alitingisha kichwa kama mtu anayesikiliza shahidi wake mahakamani.

Kwa hiyo, tuelewane: kioo cha asubuhi, kile cha zamu ya mtuhumiwa, ndicho kilichokuwa cha kweli. Kioo kiliwekewa vipimo kabla ya valvu, valvu isipowaka kinasema ukweli. Aliyekuwa anaandika lita ambazo hazipo ni zamu ya mchana, kila jioni, kwa kalamu ya bluu na sahihi chini yake. Na hakuna aliyemfikiria msimamizi wa mchana kuwa tapeli hata dakika moja, na ni sawa, kwa sababu hakuwa. Ninachojiuliza ni kwa nini busara hiyo hiyo haikumfikia mzee wa usiku. Jibu ninalo, na nyie mnalo.

Jambo jingine dogo linaniudhi kuhusu kile kioo. Kilikuwa kinaonyesha lita moja moja: 6,409, 6,410. Wakati milango ile ya analogi iliyojengewa kwenye PLC hiyo ina biti 10 tu, maana yake kwa kipimo hiki inapiga hatua za kama lita 10 au zaidi kidogo. Ile tarakimu ya mwisho haikuwa imepimwa na yeyote, ilikuwa ni mapambo ya programu. Fimbo ya mzee ilikuwa na alama za lita 50 na haikujifanya kujua zaidi ya hapo.

Matengenezo yalichukua chini ya saa mbili. Valvu ilivutiwa nega yake yenyewe hadi kwenye paneli, nega ya sensa ikabaki ya sensa peke yake, na hizo mbili zikakutana sehemu moja tu, kwenye terminali ya nega ya usambazaji umeme wa volti 24. Njia nyingine ilikuwepo: zipo moduli za analogi zenye mlango wa waya mbili unaopima tofauti kati ya ishara na nega ya sensa yenyewe, badala ya kudhani nega zote ni ndugu. Ni nzuri kwa mwenye hela. Waya ulikuwa rahisi zaidi.

Meneja alielezwa, akaonyeshwa mita, akasema "ahaa". Makato yalifutwa. Kuhusu kuombwa radhi, mzee aliniambia siku nyingine kwamba meneja alimletea soda. Sijui kwa kipimo cha kiwanda hiyo ni volti ngapi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kipindi cha umeme, kidato cha pili B, wanafunzi 58, na maabara yenye voltimita ambayo mshale wake uliganda zamani. Niliazima multimita ya mjomba. Dukani nilinunua betri tatu kubwa za tochi, balbu ndogo, na mita tano za ule waya wa kufungia nondo. Nilichagua waya wa nondo kwa makusudi, maana ni wa chuma na ukinzani wake ni mkubwa kuliko shaba, kwa hiyo mita tano zinatosha kufanya kazi ya mita 60 za kiwandani. Betri mbili upande mmoja wa darasa zikawa usambazaji wa umeme. Balbu upande wa pili ikawa valvu, inarudisha mkondo kwa waya wa nondo. Betri ya tatu, pale pale kwenye balbu, ikawa sensa: nega yake nimeishika kwenye ncha ya mbali ya waya wa nondo, chanya yake nimeirudisha kwa waya wa kawaida hadi kwangu ubaoni. Mita inapima kwangu.

Balbu ikiwa imezimwa, mita ilisoma 1.5 na kidogo. Mvulana wa nyuma akawasha balbu. Ikapanda hadi 1.7 na ushee.

Darasa likaguna. Mmoja akasema betri imeongezeka nguvu. Mwingine akasema balbu imeichaji betri. Niliwaacha wabishane, ingawa muda ulikuwa unakwenda na nilikuwa najua mkaguzi wangu wa TP yuko shuleni siku hiyo. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye wiki mbili nzima hakuwa ameongea, akaomba mita. Akaipeleka upande wa pili, akaipima ile betri yenyewe, chanya na nega yake, balbu ikiwa inawaka. 1.5 na kidogo.

"Mwalimu, betri haijarefuka," alisema. "Ni pale iliposimama."

Tuliitumia hiyo mpaka nilipoondoka. Mtu akisema waya fulani una volti sita, darasa zima linamrudia: kutoka wapi?

Binti yule yule ndiye aliyeuliza swali lililonipeleka tena kwa mjomba jioni. Aliuliza, ule waya wa juu ukikatika katikati ya darasa, mita itasoma ngapi? Tukaukata. Ikasoma sifuri, ukiacha tarakimu za mwisho zilizokuwa zikirukaruka. Akasema, "Kwa hiyo kwenye tenki, waya ukikatwa na panya, kompyuta itasema mafuta yamekwisha?"

Ndiyo, ndivyo itakavyosema. Ni udhaifu wa ishara ya volti 0 hadi 10: tenki tupu na waya uliokatika vinatoa jibu moja. Nyie mmeshaona kitu kama hicho kwenye mfumo wa matokeo, alama zako za majaribio hazijaingizwa, mfumo unaandika 0, na wewe unashinda wiki nzima ukihangaika kueleza kwamba sifuri hiyo si ya kufeli. Watu wa viwandani walilitatua hili kwa kutumia mkondo badala ya volti. Sensa inatoa miliampea 4 tenki likiwa tupu na 20 likiwa limejaa. Ikisomeka 0, hakuna wa kubishana, waya umekatika au sensa imekufa. Na kwa kuwa mkondo kwenye njia moja isiyo na matawi ni ule ule mwanzo hadi mwisho, omu 1.5 za waya haziugusi. Lile tatizo la lita 300 lisingezaliwa.

Milango iliyojengewa kwenye PLC ile inapokea volti tu, lakini mjomba alinionyesha kuwa si kikwazo. Unafunga rezista ya omu 500 kati ya terminali ya ishara na M, pale pale kwenye paneli. Miliampea 20 zikipita humo unapata volti 10, miliampea 4 unapata volti 2. Halafu kwenye programu unasema 2 ndiyo tenki tupu, na chochote kilicho chini sana ya 2 kiwashe taa nyekundu badala ya kuita mlinzi. Pendekezo hilo lipo mezani kwa meneja tangu Agosti, pamoja na ankara ya sensa mpya. Rezista mjomba alishainunua, iko kwenye kiberiti tupu ndani ya boksi lake la vifaa.